Rula ya Nsimire

Kilomita moja iwe sentimita moja, nikasema,
na darasa zima la sita likanyamaza kwa kuiogopa hesabu.
Ubao haukutosha. Ua haukutosha.
Tukatoka na kamba hadi barabarani, Keshero,
kamba ya vipande saba kutoka nyumba saba,
ile ile iliyofunga magodoro
usiku tulipokimbilia Sake na mbingu nyekundu mgongoni.
Ina mafundo. Nimewaambia mafundo hayahesabiwi.

Mwanzo ni lango la shule: juu kabisa, tunapoishi.
Mwisho ni kibanda cha Mama Kavira, muuza vocha.
Hapo ndipo kitovu cha dunia, mita sitini na tatu na kitu.
Kaambiwa. Kacheka. Kapandisha bei ya maandazi.

Tuanze na ganda. Nani ana kipimo?
Nsimire akatoa rula yake ya plastiki,
pembe moja imeliwa, sentimita thelathini,
akailaza kwenye vumbi jeusi.
Ikatosha.

— Ni hii tu, Mwalimu?
Ni hii tu. Migodi yote iko humu,
mashimo ya vyoo, mizizi, makaburi.
Ziwa zima la Kivu, pamoja na waliozama,
ni nusu sentimita: unene wa daftari lako.
Na Nyiragongo, tangu miguuni petu hadi ukingo wa kreta,
ni pingili moja ya kidole cha Byamungu.
Byamungu akakiinua kidole. Wakakitazama
kama wanaotazama kama kinafuka.

Kisha tukatembea.
Tembeeni. Bado. Pitieni kwa kinyozi. Bado.
Mita ishirini na tisa, mpaka kwenye rundo la matairi,
na yote hayo ni mwamba.
— Siyo moto? Koko alisema chini yetu ni bahari ya moto.
Ni jiwe, nikasema. Lina joto lisilosemeka, lakini ni jiwe,
linatambaa, na kucha zenu hukua haraka kama lenyewe.
Wakanuna. Walitaka bahari.

Bahari ipo, ila mbele, baada ya matairi:
chuma kilichoyeyuka, mita ishirini na mbili na nusu.
Chukudu ya viazi ikaja ikivuka hapo,
mwenyewe akaburuza kandambili, akasimama:
— Mnapima kiwanja? Nani ameuza?
Hakuna aliyeuza.
— Basi mwandike karatasi, akasema, na akaenda zake.

Mita kumi na mbili za mwisho, chuma kigumu,
kimebanwa na uzito wa yote tuliyopitia.
Tukaweka jiwe kibandani. Wakapiga makofi kidogo.

Ndipo Nsimire, aliyebaki langoni na rula yake,
akaita kwa sauti, umbali wote ule:
— Mwalimu, na ule uliokula nyumba yetu, ulitoka wapi?

Nilirudi hatua zote. Kitovu, chuma, matairi, kinyozi.
Nikachuchumaa.
Pengine uliyeyukia hapa, nikasema, mita moja tu kutoka kwako.
Lakini ghala lake, kwa wanaojua kusikiliza mawe,
lilikuwa hapa.
Nikagusa rula. Kumi na mbili. Kisha tatu.
Kamba yote ile iliyobaki haikutufanya kitu.

— Na nyumba? Iweke.
Jiwe liliifunika kimo cha baba yake, na mkono wake ulioinuliwa.
Nilichonga chaki kwa wembe. Nikachonga tena.
Mstari mwembamba kuliko wote niliowahi kuchora
bado ni mita mia: mtaa wote, kanisa na mnara,
na tangi la maji juu ya mnara.
Sina chaki ya nyumba yako, Nsimire.

Aliiokota rula, akaipuliza.
Vumbi jeusi likaruka, likamwingia machoni,
na sote tukajifanya ni hilo tu.

Kamba ilirudi nyumba saba, kila kipande kwake.
Jiwe hatukulichukua.
Mama Kavira analizuilia mlango
upepo wa ziwani unapovuma.